PORA AU TEMBE? MJUE KUKU WAKO KABLA YA KUMUUZA

Na Bwana Mifugo, Mtumba, Dodoma

Ndugu msomaji, katika kazi yangu ya kutembelea wafugaji husikia malalamiko ya namna mbili kuhusu kuku wachanga.

La kwanza ni hili. Mama amekwenda mnadani. Amenunua kuku wachanga wanne ili wamtagie mayai. Amewalisha na kuwalinda na mwewe. Baada ya miezi miwili ananiita: “Bwana mifugo, njoo uone. Kuku wangu watatu wanawika!”

La pili ni kinyume chake. Familia ina kuku wachanga wanane. Fedha ya madaftari inahitajika. Mchuuzi anapita na tenga lake kwenye baiskeli. Anachagua watano. Mwenye kuku anakubali, kwa sababu anadhani wale wadogo wadogo wataendelea kuwepo na kutaga. Miezi inapita. Waliobaki wote ni majogoo. Mitetea imekwenda na tenga.

Hasara ya kwanza hujulikana upesi, kwa sababu jogoo huwika. Hasara ya pili haipigi kelele. Mtu hushangaa tu kwamba kila mwaka anafuga, lakini kuku hawaongezeki.

Hasara zote mbili zinatokana na jambo moja. Watu huamua dume na jike kabla ya wakati, na huamua kwa kutazama ukubwa wa mwili. Katika makala hii tutajifunza kutazama alama nyingine, na kungoja wakati wake.

TUFAHAMU MAJINA KWANZA

Kiswahili kina majina mazuri ya kuku kwa kila umri. Mtoto wa kuku ni kifaranga. Dume mchanga ambaye hajaanza kuwika ni pora. Akikomaa ni jogoo. Jike aliyekua lakini hajaanza kutaga ni tembe. Wengine humwita mtetea. Akisha kutaga na kulea vifaranga ni koo.

Hapa Dodoma neno tembe tunalijua zaidi kuwa ni ile nyumba ya Kigogo ya miti na udongo, yenye paa la bapa. Tusichanganyikiwe. Katika makala hii tembe ni kuku jike. Lakini tukumbuke kwamba yeye naye hujenga nyumba, maana kuku wote wa kesho watatoka kwake.

KWA NINI TEMBE ASIUZWE OVYO

Tuchukue hesabu ya mfano. Tembe wa kienyeji huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 6 au 7 hivi. Tuseme ametaga mayai 12. Ameyaatamia kwa siku 21. Vifaranga 9 wameanguliwa. Mwewe, kicheche na maradhi vimechukua 4. Waliokua ni 5. Koo huyo akilea mara 3 kwa mwaka, utapata kuku 15.

Sasa tazama. Ukiuza pora mmoja, kuku mmoja ametoka katika kundi lako. Ukiuza tembe mmoja, kuku 15 wa mwaka ujao wametoka pamoja naye. Lakini mchuuzi hukulipa bei ya kuku mmoja tu.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwetu tunaoishi Mtumba. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa hapa Mtumba. Tangu hapo ofisi za wizara zimejengwa mahali palipokuwa pori na mashamba. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Hapa kwetu mji ndio uliomfuata jogoo shambani. Wafanyakazi wanataka nyama na mayai. Mama lishe wanataka kuku. Soko limetufikia mlangoni.

Soko ni jambo jema. Lakini soko halichagui. Litanunua pora, na litanunua tembe. Anayepaswa kuchagua ni mfugaji.

UKUBWA HUDANGANYA

Ni kweli kwamba pora hukua upesi kuliko dada yake. Lakini ni lazima wawe ndugu wa mama mmoja, walioanguliwa siku moja na kula chakula kimoja. Kuku wetu wa kienyeji hawafanani kwa umbo. Wako wakubwa na wako wadogo.

Kuchi ni kuku mkubwa, mrefu wa miguu. Jogoo wake hufika kadiri ya kilo 2.5, na mtetea kadiri ya kilo 1.9. Ching’wekwe ni kuku wa umbo dogo, mfupi wa miguu. Hupatikana zaidi Morogoro na sehemu za Umasaini. Jogoo wake hufika kadiri ya kilo 1.6 tu, na mtetea kadiri ya kilo 1.2. Kwa hiyo mtetea wa kuchi ni mzito kuliko jogoo wa Ching’wekwe. Anayepima kwa ukubwa atamwita jogoo kuwa mtetea, na mtetea kuwa jogoo.

Jambo hili lipo duniani kote. Nchi za nje wako kuku wadogo sana waitwao bantamu. Jina hilo limetoka kwenye bandari ya Banten, katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Wafugaji wao pia husumbuka na swali hili hili. Pora wa bantamu akiwa na wiki 6 ni mdogo kama ngumi, na mtu humdhania jike.

Katika makundi yetu damu zimechanganyika. Koo mmoja anaweza kulea kifaranga wa umbo dogo na kifaranga wa umbo kubwa chini ya bawa moja. Basi tusipime kwa jicho la mbali. Tumshike kuku, tumtazame.

MAMBO YASIYOSAIDIA

Wako watu wanaosema yai lenye ncha kali hutoa dume, na yai la mviringo hutoa jike. Usitegemee jambo hilo. Umbo la yai hutokana zaidi na koo mwenyewe. Koo mmoja hutaga mayai ya ncha siku zote, na bado huangua pora na tembe.

Wako wanaoning’iniza sindano kwa uzi juu ya yai, wakatazama inavyozunguka. Sindano hiyo inafuata mkono wa anayeishika.

Wako pia wanaomlaumu jogoo kwamba anazaa madume matupu. Jogoo hana kosa. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo huamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa ndege ni kinyume. Yai la mama ndilo huamua. Na koo naye hachagui. Katika vifaranga wengi, nusu huwa madume na nusu majike. Lakini katika kundi moja dogo unaweza kupata madume 7 na majike 2. Kundi lijalo linaweza kuwa kinyume.

VIPI WALE WA VIWANDANI?

Mtu anaweza kuuliza: “Mbona wanaouza vifaranga wa kisasa hujua majike siku ya kwanza?” Ni kweli, wanajua. Wana njia zao.

Njia moja ilitoka Japani. Wataalamu wa huko waligundua kwamba kifaranga wa siku moja akifunuliwa kwa ustadi sehemu ya haja, kuna alama ndogo sana inayomtofautisha dume. Mwaka 1933 Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto walitoa kitabu cha Kiingereza kuhusu kazi hiyo. Watu hujifunza kwa muda mrefu ndipo wafuzu. Aliyefuzu hukosea wachache sana katika vifaranga 100. Lakini asiyefundishwa akijaribu atamwumiza kifaranga, au atamwua. Tusijaribu nyumbani.

Njia nyingine ni kutazama manyoya ya bawa, au rangi ya kifaranga. Njia hizo hufanya kazi kwa sababu wazazi wa vifaranga hao wamechaguliwa maalumu. Kuku wetu wamechanganyika. Kwao alama hizo hazina uhakika.

Kwa hiyo sisi tutumie njia ya nne: subira na macho.

TAZAMA WIKI KWA WIKI

Wiki ya 1 hadi ya 3. Usiamue lolote. Kifaranga anayekimbia sana si lazima awe dume. Mpole si lazima awe jike. Kazi yako wakati huu ni kuwaweka hai.

Wiki ya 4 na ya 5. Tazama manyoya yanavyoota. Mara nyingi tembe hufunikwa upesi. Mkia wake huonekana mapema. Mabega na mgongo wake hujaa manyoya. Pora huchelewa. Mkia wake ni kama kijiti kifupi, na mabega yake hubaki wazi kwa siku nyingi. Hii ni dalili tu. Si uamuzi.

Wiki ya 6 hadi ya 8. Tazama kichwa. Pora huanza kuota upanga kichwani, ule unaoitwa pia kilemba. Upanga wake hunenepa na huanza kuwa mwekundu. Ndevu, yaani vile vinyama vinavyoning’inia chini ya mdomo, nazo huonekana na kuwa nyekundu. Tembe wa umri huo upanga wake ni mdogo, na rangi yake bado imefifia. Tazama pia miguu. Miguu ya pora ni minene kuliko ya dada yake. Tazama rangi. Pora wengi huanza kuonyesha mabaka ya rangi kali mabegani na kifuani. Rangi ya tembe hutulia sawasawa mwili mzima.

Wiki ya 10 hadi ya 14. Sasa ndiyo wakati wa uamuzi. Mshike kuku, mtazame mahali pawili. Kwanza shingoni. Pili kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Manyoya mapya ya pora mahali hapo ni marefu, membamba, yenye ncha kama mkuki, na hung’aa juani. Manyoya ya tembe ni mafupi na mapana, na ncha yake ni ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Baadaye mkia wa pora nao hutoa manyoya marefu yaliyopinda kama mundu.

Alama ya manyoya ya kiunoni ndiyo ya kuaminika kuliko zote kwa mfugaji. Ukiiona, hutakosea tena.

Kuwika nako ni alama. Lakini pora wengine huwika mapema, na wengine huchelewa. Jogoo mkubwa akiwepo, pora hunyamaza kwa kumwogopa. Basi usiseme, “Huyu hawiki, kwa hiyo ni jike.” Kipi nacho, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu, huchelewa kukua. Na kupigana si alama. Vifaranga wa kike hupigana pia.

KUKU WANAOTATANISHA

Kuku wengine wanahitaji macho zaidi.

Kishingo hana manyoya shingoni. Basi usitafute alama shingoni. Tazama kiunoni.

Kuchi ana upanga mdogo uliolala, hata akiwa jogoo. Ukimpima kwa upanga utamwita pora kuwa tembe. Mtazame kiunoni, na subiri hadi wiki ya 14.

Kuku mweupe mtupu au mweusi mtupu haonyeshi mabaka ya rangi. Umbo la unyoya ndilo litakalokuambia.

Kidimu ana manyoya yaliyosimama na kupinda. Ncha zake hazionekani vizuri. Kwake tumia upanga, ndevu na unene wa miguu, kisha ongeza muda.

Kuku mwenye njaa, minyoo au ugonjwa huchelewa katika kila alama. Upanga wake hupauka. Usimwamue mpaka apone.

Na kuku wa umbo dogo usimlinganishe na jirani wa umbo kubwa. Mlinganishe na ndugu zake wa umri mmoja na umbo moja. Kama wako watatu wafupi, waweke pamoja uwatazame. Anayetofautiana kwa upanga na miguu atajitokeza.

DAFTARI NA UZI

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una silaha ambayo wengi hawana. Tumia daftari. Vifaranga wanapoanguliwa andika tarehe na idadi. Ukikosa tarehe hutajua wiki. Na usipojua wiki utamwita pora wa wiki 6 kuwa tembe wa wiki 12.

Gawa ukurasa mistari minne. Mstari wa kwanza andika siku ya kuanguliwa na idadi ya vifaranga. Wa pili andika wiki ya 4. Wa tatu wiki ya 8. Wa nne wiki ya 12. Kila wakati huo ukifika, kagua kuku, kisha andika: pora wangapi, tembe wangapi, na wasiojulikana wangapi. Usione haya kuandika “sijui”. Wiki ya 4 wengi watakuwa hivyo.

Wanapofika wiki ya 8 wafunge uzi mguuni. Uzi mwekundu kwa anayedhaniwa pora. Uzi mweusi kwa anayedhaniwa tembe. Usikaze. Mguu unanenepa, na uzi uliokaza hukata nyama. Ulegeze kila wiki. Ukifika wiki ya 12, badilisha uzi kwa aliyekudanganya.

Wakamate jioni, wakisha kuingia bandani. Kuku wa jioni hakimbii wala hajiumizi. Lakini rangi na mng’ao vitazame asubuhi, kabla hujawafungulia.

Siku ya chanjo ni siku nzuri ya kukagua. Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, hutolewa kwa tone moja katika jicho, kila baada ya miezi 3. Siku hiyo kila kuku hupita mkononi mwako. Umpatie tone, kisha umgeuze umtazame kiunoni. Kazi mbili zimekwisha kwa mara moja.

UKISHA KUWAJUA, FANYA HIVI

Tembe wenye afya wabakize. Wawe mama wa kundi lako. Kama ni lazima kuuza tembe, uza kwa mtu anayefuga, na umweleze ni tembe, ili akulipe bei ya tembe.

Pora chagua mmoja au wawili walio bora. Bora ni yule aliyekua upesi kuliko ndugu zake wa umri mmoja, mwenye miguu iliyonyooka, macho maangavu, asiyewahi kuugua. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Waliobaki wauze wakisha kupata mwili, au wapike nyumbani watoto wale nyama. Majogoo wengi katika boma hula mtama bure, hupigana, na huwasumbua mitetea wasitulie kutaga.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Humwuza pora mkubwa kwa sababu anapata bei nzuri, wakambakiza mdogo aliyedumaa awe jogoo wa boma. Mwaka ujao wanashangaa vifaranga kuwa wadogo. Tena usimwache jogoo awapande binti zake mwenyewe. Badilishaneni majogoo na jamaa wa kijiji cha mbali, tembe zenu wanapokaribia kutaga.

Na wewe unayenunua mnadani, usinunue kuku wa chini ya miezi 3 kwa ajili ya kutaga. Kama muuzaji anasema ni tembe, mwombe umshike. Mpeperushe manyoya ya kiunoni kwa kidole. Ukiona ncha ya mkuki, mrudishie. Huna haja ya kugombana naye. Huenda yeye mwenyewe hajui.

NENO LA MWISHO

Mchuuzi akija, na kuku wako wana wiki 6, mwambie arudi baada ya wiki 6 nyingine. Fedha ya madaftari ikihitajika sana, uza jogoo aliyekwisha kujulikana. Ukingoja wiki hizo, pora atakuwa mzito zaidi na bei yake itakuwa nzuri zaidi. Na tembe atakuwa bado yuko bomani kwako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuku tuliouza mwaka huu wakiwa wachanga, tulijua wangapi ni pora na wangapi ni tembe?

2. Kwa nini ukubwa wa mwili hautoshi kumtambua jike?

3. Ni mahali gani pa mwili wa kuku panapoonyesha alama ya kuaminika zaidi, na katika wiki ya ngapi?

4. Kishingo tumtazame wapi? Na kuchi je?

5. Nani katika kundi letu ana jogoo bora wa kubadilishana, na tutabadilishana lini?